Tumbo gumu la mtoto anayecheza



Katika mji wetu wa Likasi tumbo la mtoto likivimba, jibu liko tayari hata kabla hajafikishwa kwa muganga. Ni minyoo. Kama si minyoo, ni bandama ya malaria. Kama mtoto ni mwembamba na nywele zimegeuka nyekundu, ni kwashiorkor. Majibu haya si ya ujinga. Mara nyingi ni ya kweli, na sisi tunaofundisha madarasa ya chini ya shule ya msingi tunayaona mwaka mzima. Lakini kuna tumbo lingine ambalo si la minyoo, si la bandama, wala si la njaa. Wiki hii tunataka kuongea juu ya hilo, maana limepita katikati ya kikundi chetu, na mama mwenye mtoto ametupa ruhusa tusimulie bila kutaja jina lake.

Mtoto ni mvulana. Wakati ule alikuwa na miaka minne, yuko shule ya maternele. Alikula bukari yake yote, alikimbia, alipigana na wenzake juu ya mpira wa matambara. Hakuwa na homa. Jioni moja mama yake alikuwa anamwogesha ndani ya beseni, mkono wenye sabuni ukapita upande wa kulia wa tumbo na kugusa kitu kigumu, laini juu yake, kikubwa kama ngumi ya mtu mzima. Akamwuliza kama kinauma. Mtoto akacheka, akasema anatekenywa.

Wamama wengi wangefurahi kwamba hakuumii, na kungoja. Huyu hakungoja, asubuhi alikuwa kwenye kituo cha afya. Wakampa dawa ya minyoo. Alirudi baada ya siku kumi, kitu bado kipo. Safari hii wakasema ni bandama iliyovimba kwa malaria, wakaandika dawa. Sasa sikilizeni mama huyu alivyojibu, yeye anayeuza sombe sokoni na ambaye masomo yake yaliishia mwaka wa nne wa msingi. Aliuliza: "Bandama si iko kushoto? Ya mtoto wangu imehama lini?" Yule muuguzi alinyamaza kidogo, akashika tumbo tena, kisha akaandika karatasi ya ekografi. Ekografi iliombwa dola 10. Kasha ya kikundi ilimkopesha siku ile ile.

Jibu la ekografi lilikuwa neno ambalo hakuna kati yetu aliyekuwa amelisikia likitajwa kwa mtoto: kansere ya figo.

Tulidhani kansere ni ugonjwa wa wazee. Daktari wa watoto aliyempokea Lubumbashi alimweleza mama, na baadaye tulipomfuata na maswali yetu akatueleza sisi pia, kwa uvumilivu ambao hatukuuzoea. Kansere hii ni ya watoto hasa. Inaitwa uvimbe wa Wilms, kwa jina la Max Wilms, mpasuaji wa Ujerumani aliyeandika kitabu juu yake mwaka 1899. Katika kansere za figo zinazopata watoto, hii ndiyo ya kwanza kwa wingi. Inawapata zaidi wenye miaka chini ya mitano, na ile mitatu na minne ndiyo miaka yake hasa. Baada ya miaka kumi ni nadra. Inatokana na chembe za figo ambazo zilipaswa kukomaa mtoto akiwa bado tumboni mwa mama. Zikabaki changa na kuendelea kuzaana. Haiambukizi. Haikuletwa na chakula ambacho mama alikula akiwa na mimba. Katika familia nyingi kabisa hairithiwi, ni mtoto mmoja tu. Tunaandika hivi wazi, maana mashemeji wa huyu mama walikuwa wameshaanza kuulizana ni nani kwenye ukoo wake anayekula watoto.

Kinachodanganya ni kwamba mtoto ni mzima. Kansere nyingi humkondesha mtu haraka. Hii humwacha mtoto acheze huku tumbo linakua. Ndiyo maana duniani kote, hata Ulaya, anayeigundua kwanza mara nyingi si daktari. Ni mama anayeogesha au anayevalisha nguo, akiona kaptula ya juzi haifungi kiunoni wakati mikono na miguu haikunenepa.

Basi, tofauti na matumbo mengine ni ipi? Tumbo la minyoo limejaa pande zote na ni laini. Bandama inatokea chini ya mbavu za kushoto, na mtoto mwenyewe huwa na historia ya homa na kupungukiwa damu. Kwashiorkor huvimbisha miguu na uso, na mtoto hana furaha. Uvimbe wa figo uko upande mmoja, kushoto au kulia, ni mgumu, na kwa kawaida hauumi. Lakini wa kushoto mtu anaweza kuuchanganya na bandama, na wa kulia na ini, hata awe muuguzi mwenye miaka mingi ya kazi. Mkono peke yake hautoshi. Inayotoa neno la mwisho hapa ni ekografi. Haiumizi, haichomi sindano, na mashine yake siku hizi ipo katika miji mingi ya jimbo letu.

Na hapa tunaomba jambo moja kwa nguvu zote. Mkiona uvimbe wa namna hii, msiukande. Habari ilipotoka, shangazi walikuja, majirani walikuja, kila mmoja akitaka kugusa "tuone". Bibi mmoja alileta mafuta ili akande tumbo lishuke. Uvimbe huu una ngozi nyembamba inayoufunga. Ukibonyezwa sana au mtoto akipigwa tumboni unaweza kupasuka, damu ikamwagika ndani na chembe za kansere zikatawanyika tumbo zima. Ugonjwa uliokuwa wa figo moja unakuwa wa tumbo lote. Hata madaktari wakishajua, hawaruhusu kila mwanafunzi wa udaktari aje kushika. Kwenye hospitali nyingine wanabandika karatasi juu ya kitanda: usibonyeze tumbo. Mama yetu alifunga kitenge kiunoni mwa mtoto na kukataa mkono wa mtu yeyote. Walimwita mwenye kiburi.

Huo ndio mtindo wa kawaida wa ugonjwa. Ila hauji hivyo sikuzote, na pale unapokuja na sura nyingine ndipo watoto wanapopotea njiani. Tulimwuliza daktari juu ya sura hizo, na ni vizuri mziweke akilini.

Watoto wengine huanza na mkojo mwekundu, mara nyingi bila maumivu. Hapa kwetu watu watasema bilharzia, au watasema alikula kitu chekundu. Inaweza kuwa kweli. Lakini damu kwenye mkojo wa mtoto mdogo inapaswa kupimwa, na ikiwa dawa ya bilharzia haikuiondoa, figo ziangaliwe. Hasa pale mtoto ameanguka kidogo tu, kuanguka kwa kawaida kwenye ngazi, na mkojo ukatoka damu: figo nzima haitoi damu kwa kitu kidogo hivyo.

Wengine huanza ghafla. Mtoto alikuwa anacheza, amegongwa tumboni na mpira au goti la mwenzake, kisha anajikunja, midomo inakuwa myeupe, tumbo linajaa na kuuma. Kila mtu anadhani ni ile ajali. Kumbe uvimbe ulikuwapo tayari na sasa unavuja damu. Huyo ni wa kukimbizwa hospitali saa ile ile, si wa kulazwa nyumbani na kupewa parasetamoli.

Kuna sura nyingine ambayo kwetu inasahaulika kwa sababu hatupimi watoto presha. Figo ndiyo inayosimamia presha ya damu, na karibu robo ya watoto wenye ugonjwa huu presha yao inapanda. Mtoto wa miaka mitatu hawezi kusema "kichwa kinaniuma nyuma". Analia, anatapika, anakuwa mkali, mara nyingine anapata kifafa. Sisi walimu tunaona mtoto aliyebadilika tabia na tunafikiria mambo ya nyumbani. Wengine tena wana homa isiyosikia dawa ya malaria. Wengine hukohoa, kwa sababu uvimbe ukihama hupenda kwenda mapafuni. Kwa hiyo kila mtoto mwenye uvimbe wa figo hupigwa radio ya kifua kabla ya kuanza matibabu. Mvulana anaweza kuwa na korodani iliyovimba kwa mishipa ya damu, ambayo haipungui hata akilala, kwa sababu kule juu uvimbe umebana njia ya damu.

Halafu kuna watoto ambao wamezaliwa na alama. Hili lilitushangaza zaidi ya yote. Mtoto aliyezaliwa bila ile duara ya rangi ndani ya jicho, jicho linaonekana jeusi katikati tu na mwanga unamsumbua, yuko kwenye hatari kubwa ya uvimbe huu kuliko watoto wengine. Vilevile yule ambaye mguu na mkono wa upande mmoja ni mnene au mrefu kuliko wa upande wa pili. Vilevile yule aliyezaliwa mkubwa sana, mwenye ulimi mkubwa unaotoka nje na kitovu chenye matatizo. Hao hawangojewi mpaka tumbo livimbe. Wanafanyiwa ekografi mara kwa mara, karibu kila miezi mitatu, katika miaka yao ya utoto. Kwenye mitaa yetu mtoto wa namna hiyo anafichwa ndani. Tunawaomba wamama wa vikundi mnaotembelea waliojifungua: mkimkuta, mpelekeni kwa daktari wa watoto.

Sasa matibabu. Miaka zaidi ya mia iliyopita, karibu kila mtoto mwenye uvimbe huu alikufa, hata katika nchi tajiri. Leo katika nchi hizo watoto karibu 90 kwa mia wanapona. Hatuandiki kwamba kwetu ni hivyo. Kwetu wengi wanafika wamechelewa, na wengine wanaacha katikati. Ila dawa ni zile zile. Mwaka 2018 Shirika la Afya Ulimwenguni lilianzisha mpango wa kansere za watoto, lengo likiwa angalau watoto 60 kwa mia wapone ifikapo 2030, na uvimbe wa Wilms ni moja ya kansere sita zilizochaguliwa kuangaliwa kwanza, kwa sababu inaponyeka.

Tulidhani atapasuliwa kesho yake. Hapana. Daktari alianza na dawa, ile ambayo wagonjwa wenyewe wanaiita shimio: wiki 4, dawa mbili zinazoitwa vinkristini na aktinomisini. Hii ndiyo njia inayofuatwa Ulaya na katika nchi nyingi za Afrika zinazotumia Kifaransa, ambapo madaktari wa kansere za watoto wameungana na wenzao wa Ufaransa tangu mwaka 2000. Sababu yake ni rahisi: dawa inapunguza uvimbe na kukaza ngozi yake, ili mpasuaji autoe mzima bila kupasuka. Wakati huo hawakukata hata kipande cha kupima, kwa sababu umri wa mtoto na picha za ekografi zilitosha kuanzia. Mama alihesabu kwa vidole vyake: wiki ya kwanza ngumi, wiki ya nne limao.

Vinkristini, kwa njia, inatoka kwenye ua. Ni lile ua dogo la waridi au jeupe, lenye majani matano, asili yake Madagaska, ambalo wengi wetu tunalo mbele ya nyumba na hata makaburini. Inatumika hospitalini tangu miaka ya 1960. Tunajua mtu atasoma hapa na kesho atachemsha majani. Usifanye hivyo, mama. Ni sumu, hospitalini wanapima kiasi kidogo sana kulingana na uzito wa mtoto, na hata hiyo ikitoka nje ya mshipa inachoma nyama ya mkono.

Dawa zina taabu zake. Nywele zilianguka. Mdomo ulipata vidonda, akakataa bukari, ikawa ni uji wa soya na mayai. Choo kilikuwa kigumu, na kwa siku kadhaa alitembea akivuta miguu kama mzee. Homa kwa mtoto aliye kwenye shimio si homa ya kungojea asubuhi, maana damu yake haina askari wa kutosha. Mara mbili walikimbia naye usiku. Na mtoto aliyekonda anaumizwa na dawa hizi zaidi ya aliyeshiba. Kikundi chetu kilifanya zamu ya mayai na samaki wadogo, na tunasema bila aibu kwamba zamu ile ilikuwa sehemu ya matibabu.

Akapasuliwa. Figo ya kulia ikatoka pamoja na uvimbe, nzima. Mtoto akarudi Likasi na kovu refu, akila, akicheka, nywele zinaanza kuota. Watu walileta nyimbo.

Hapo ndipo vita yenyewe ilipoanzia. Figo iliyotolewa ilipimwa, na daktari akasema bado wiki 27 za dawa. Kutoka Likasi hadi Lubumbashi ni kilomita karibu 120, kwenda na kurudi, basi, chakula, mahali pa kulala, na dawa zenyewe. Baba wa mtoto alisema: "Kitu kimetoka, nimekiona kwa macho yangu. Mnataka nimtie mtoto sumu tena kwa nini?" Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameuza pikipiki yake ya kazi, na mbele yake alikuwa na mtoto mwenye afya kuliko wale wengine wawili nyumbani. Hata ndani ya kikundi chetu tuligawanyika. Likelemba ya mwezi ule ilikuwa zamu ya mama mwingine, aliyengoja tangu Januari ili aanze biashara ya unga. Alisema mbele yetu kwamba anamwonea mtoto huruma, lakini mtoto amepona, na yeye pia ana watoto wanaofukuzwa masomo.

Tulikaa kuanzia saa nane mpaka giza. Aliyetusaidia ni yule mama wa sombe, na hakulia wala hakuomba. Alisema: "Ukipalilia shamba, majani makubwa unayaona na unayang'oa. Mbegu zilizobaki chini unaziona?" Daktari alikuwa amemwambia hivyo hivyo kwa lugha yake: chembe zisizoonekana hubaki, na zikirudi hurudi na nguvu, mara nyingi mapafuni. Kuacha matibabu katikati ni moja ya sababu kubwa zinazoua watoto wa Afrika wenye ugonjwa huu, na wanaoacha ni mara nyingi wale wanaoonekana wamepona.

Tuligawa likelemba. Nusu ilikwenda kwa mama wa unga, nusu kwa safari, na kila mwezi tukaongeza franka kidogo juu ya mchango. Mama wa unga alianza na mifuko miwili badala ya mitano, na mpaka leo hatuwezi kusema kwamba haikumgharimu. Mkuu wa shule alikubali mtoto akose siku za dawa bila kufutwa kwenye daftari. Parokia na kanisa jirani walipata kila mmoja familia ya kumlaza Lubumbashi. Baba alikwenda safari ya tatu yeye mwenyewe, akaona kwenye kile chumba mtoto mwingine aliyerudi baada ya kuachishwa dawa nyumbani. Tangu siku ile hakuna aliyemwambia tena habari ya tarehe. Alizishika mwenyewe, zimeandikwa kwa kalamu ukutani.

Wiki 27 zimekwisha mwaka jana. Sasa ni ekografi na radio ya kifua kwa vipindi, presha, na mkojo. Figo moja inatosha maisha yote. Ile iliyobaki hukua kidogo na kufanya kazi ya mbili. Asipewe tu dawa za kienyeji zinazochosha figo, wala vidonge vya maumivu vya sokoni bila kuuliza.

Kabla hatujasahau, wamama waliuliza juu ya wababa. Kwa watu wazima kansere ya figo ni aina nyingine, lakini nayo inajificha. Mkojo wa damu usiouma, unaokuja siku moja na kupotea mwezi, homa na kukonda bila sababu, ubavu unaouma upande mmoja: mtu apimwe, hata kama damu imesimama yenyewe. Wanaovuta tumbaku na wenye presha ya siku nyingi wako mbele kwenye hatari.

Tulipowaita wazazi wa maternele kuwaeleza haya yote, swali la mwisho lilitoka kwa mtoto mwenyewe, aliyekuwa amekaa chini ya meza ya mwalimu akisikiliza habari zake. Alitaka kujua kama mtu wa figo moja anaruhusiwa kuwa golikipa. Tulimpelekea daktari swali hilo. Amejibu kwamba acheze, ila ngumi na mieleka aziache.